Masomo ya Kuendelea kwa Mafundi wa Mifugo: Yawe Haki Kwanza, Ndipo Yawe Sharti

Siku chache zilizopita nilikuwa katika bonde la Imbo nikiandikisha wanachama. Huko nilikaa na mzee mmoja ambaye ni fundi wa mifugo, mmoja wa wale ambao raia huwaita veterineri ingawa wao wenyewe wanajua ya kwamba si madaktari. Alipata diploma yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa amebakiza muda mfupi apate pensheni yake. Katika mazungumzo yetu alisimama, akaingia ndani, akarudi na daftari lake la shule. Limechakaa, lakini amelitunza.

"Tazama, mdogo wangu," aliniambia. "Sotoka ya ng'ombe ina kurasa sita humu. Sotoka ya mbuzi haina hata mstari mmoja."

Wasomaji wasio wa kazi hiyo nitawaeleza maana ya maneno yake. Sotoka ni ugonjwa ulioteketeza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 na kuleta njaa kubwa. Watu walipambana nao kwa chanjo miaka mingi, mpaka mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, pamoja na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, wakatangaza ya kwamba umekwisha duniani. Lakini sotoka ina ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyojulikana kwanza Afrika ya Magharibi mwaka 1942. Huyu ndugu hakufa. Alitembea pole pole, akapita Kenya na Tanzania, na mwishoni mwa mwaka 2017 akaingia kwetu Burundi.

Basi huyo mzee wetu alifundishwa vizuri ugonjwa uliokwisha kufa, na hakufundishwa ugonjwa uliokuwa mlangoni. Mbuzi walipoanza kutoka machozi na kamasi, midomo ikapata vidonda, wakaanza kuhara, alidhani ni mapafu. Akawapiga sindano za antibiotiki, kama alivyozoea. Dawa hiyo haiui virusi. Mbuzi walikufa, na wafugaji wakasema amekula pesa zao bure. Aliyetukanwa alikuwa yeye. Waliomwacha miaka 25 bila kumwita darasani hata siku moja hakuna aliyewataja.

Ndugu wafanyakazi, nimeanza na habari hiyo kwa sababu neno ninalotaka kulisema leo linatoka ndani yake. Katika nchi jirani mafundi wa mifugo wanatakiwa siku hizi kusoma tena na tena ili waendelee kuruhusiwa kufanya kazi. Huko Kenya sheria ya mwaka 2011 iliwaweka madaktari wa mifugo na mafundi wao chini ya bodi moja, na anayetaka kuhuisha leseni yake huulizwa amejifunza nini. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 iliyounda Baraza la Veterinari, ambalo pia huandikisha mafundi na wasaidizi wao, si madaktari peke yao. Rwanda nayo ina baraza lake. Mbali zaidi, katika jimbo la California huko Marekani, fundi wa mifugo aliyesajiliwa hudaiwa saa 20 za masomo kila miaka 2, la sivyo usajili wake haupiti.

Sisi Burundi tumo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 2007, na Soko la Pamoja lilianza mwaka 2010. Soko hilo linataka vyeti vya nchi moja vitambuliwe katika nchi nyingine. Kijana wetu aliyesoma Karuzi akitaka kufanya kazi Kigoma au Kigali ataulizwa maswali yale yale wanayoulizwa wenyeji. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba upepo huu utapita juu ya vichwa vyetu. Swali ni moja tu: sharti hili likija, nani atalibeba mabegani?

Kwanza nataka kusema na wenzangu wa sendika wanaosema tulikatae kabisa. Nimewasikia mikutanoni. Wanasema: diploma ni diploma, mtu hafanyi mtihani mara mbili kwa kazi moja. Wanasema tena kuwa hii ni mbinu ya wakubwa ya kuwapunguza wazee kazini bila kuwalipa haki zao. Hofu yao ninaielewa, na nitaieleza hapo chini. Lakini kukataa masomo ni kosa, na sababu zangu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni roho ya mfanyakazi mwenyewe. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa katika ng'ombe wetu, hasa huko kaskazini. Ng'ombe walitupa mimba, wengine wakafa, masoko ya ng'ombe yakafungwa, machinjo yakasimamishwa kwa muda. Ugonjwa huo husambazwa na mbu kati ya wanyama, lakini binadamu huupata pia kwa kushika damu, nyama mbichi, au ndama aliyetupwa. Na nani huingiza mkono kumtoa ndama aliyekufa tumboni? Si mkurugenzi. Ni fundi wa mifugo. Huyo mzee wangu wa Imbo aliniambia ya kwamba katika miezi ile alitoa mimba zilizoharibika kwa mikono mitupu, bila glavu, na habari za ugonjwa alizipata redioni kama raia wengine. Mungu alimlinda. Lakini je, mfanyakazi alindwe na bahati? Ugonjwa huo ulitambuliwa Kenya tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Si mgeni katika Afrika; ni mgeni katika daftari la mtu ambaye hakuitwa kusoma tena.

Sababu ya pili ni kwamba kazi yenyewe imebadilika. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 iliagiza mifugo ifugwe zizini na isiachwe kuzurura. Ng'ombe aliyekuwa akitembea malishoni sasa amesimama mahali pamoja mwaka mzima. Kwato zinaoza, chuchu zinavimba, majani hayatoshi, na mfugaji anamgeukia fundi amfundishe kulisha na kusafisha. Tena wafugaji wengi wametafuta ng'ombe wa maziwa wenye damu ya kigeni, na hao hawaivumilii ndigana kali inayoletwa na kupe kama wanavyoivumilia ng'ombe wetu wa asili. Chanjo yake ipo, lakini hukaa katika baridi kali ya naitrojeni, na ng'ombe huchanjwa na kupigwa antibiotiki wakati ule ule. Anayekosea kipimo anaweza kumwua ng'ombe aliyekuja kumkinga. Na antibiotiki hizo zina siku zake: maziwa ya ng'ombe aliyepigwa sindano hayafai kunywewa mpaka siku zilizoandikwa zipite. Fundi asiyejua hayo anawanywesha watoto wa Buyenzi na Kamenge dawa iliyochanganyika na maziwa.

Mimi si veterineri. Niliishia shule ya msingi, na sioni haya kusema hivyo. Yote ninayoyajua juu ya haki za mfanyakazi niliyapata katika mafunzo ya sendika ya siku mbili tatu, na kwa kuuliza. Nilifundishwa Sheria ya Kazi ya mwaka 1993, nikaijua kama sala. Kisha tarehe 24 Novemba 2020 sheria hiyo ikarekebishwa, ikabidi nikae chini tena na kitabu kipya. Kama ningeshikilia ile ya zamani kwa sababu "nimekwisha kusoma", leo ningekuwa ninawapoteza wanachama mbele ya waajiri. Kwa hiyo ninapomwambia fundi wa mifugo asome tena, simwambii jambo ambalo mwenyewe sikulifanya.

Na tusisahau jinsi sotoka ya ng'ombe ilivyoshindwa. Haikushindwa na maprofesa peke yao. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1950 na 1960 ilifanya kazi kubwa, lakini ilihitaji baridi, na barafu haifiki kila mahali. Katika miaka ya 1990 ikapatikana chanjo inayovumilia joto zaidi, ndipo wafugaji wa Sudan ya Kusini, Karamoja na Afar, wengi wao watu wasiojua kusoma, wakapewa mafunzo mafupi na kuichukua mpaka pale ambapo gari la serikali halikufika. Watu hao wadogo walisaidia kumaliza ugonjwa ambao wakubwa walikuwa wameshindwa kuumaliza kwa miaka mingi. Mafunzo ya siku chache yakifika mahali panapostahili yana nguvu kuliko diploma iliyolala kabatini.

Sasa nawageukia waajiri, wawe wa serikali, wa miradi au wa makampuni. Nanyi msifurahi mapema. Sendika kukubali masomo si kukubali mzigo wote umwangukie mfanyakazi.

Hebu tupige hesabu ya kawaida. Fundi wa mifugo yuko kwenye komini yake kule milimani. Anaambiwa aje Bujumbura siku tatu. Nauli ni yake. Miaka hii ya karibuni wote tumeona foleni za mafuta, na tunajua nauli inavyopanda siku ambayo petroli haipo. Mahali pa kulala ni pake. Chakula ni chake. Siku hizo tatu hazimo katika mshahara, au zinakatwa katika likizo yake. Akirudi anakuta wafugaji wamemtafuta na kumkosa. Halafu mwisho wa mwaka anaambiwa: hukutimiza saa zako, leseni yako imesimama. Huyo hajafundishwa, ametozwa kodi. Sharti lisilo na haki ni kodi juu ya maskini.

Tena kuna jambo ambalo sote tunalijua na hatulisemi kwa sauti. Semina huwa zipo! Barua za mwaliko huja. Lakini barua ikifika ofisini huishia katika meza ya mkubwa. Anayekwenda hotelini kusikiliza habari za chanjo ni mtu ambaye hajashika sindano miaka 10. Yeye hupokea posho, hupigwa picha, hurudi na begi la semina, na zile karatasi hazimfikii aliye zizini. Mwaka mmoja nilimwuliza fundi mmoja kama amewahi kuhudhuria semina. Akacheka, akasema, "Ndiyo, nilimpeleka mkubwa kwa pikipiki." Ikiwa saa za masomo zitahesabiwa kwa mtindo huo, basi wakubwa watakuwa na leseni mbili mbili, na wafanyakazi watafukuzwa kwa ujinga ambao si wao walioutafuta.

Waajiri wengine husema fundi ajisomee baada ya kazi, kwa sababu elimu ni faida yake. Je, ni faida yake peke yake? Mbuzi wakipona, faida ni ya mfugaji. Soko la ng'ombe lisipofungwa, ushuru ni wa komini na wa taifa. Maziwa yakiwa safi, afya ni ya watoto wa mji mzima. Faida ikiwa ya wote, gharama haiwezi kuwa ya mmoja mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Wala hatuombi jambo la ajabu. Mwaka 1974, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Mkataba huo unasema mfanyakazi apewe muda wa kusoma ndani ya saa za kazi, naye apate malipo ya kutosha katika muda huo. Kenya iliukubali mwaka 1979, na Tanzania mwaka 1983. Majirani ambao wametutangulia katika kuweka sharti walitangulia pia kuitambua haki hiyo. Sisi tukitaka kuchukua sharti lao, tuchukue na haki.

Wala gharama si kubwa kama wanavyotutisha. Rudini kwenye zile saa 20 za California kwa miaka 2. Ni saa 10 kwa mwaka mmoja, siku moja ya kazi na saa mbili juu yake. Mwajiri anayeshindwa kumwachia mfanyakazi wake siku mbili kwa mwaka ili ajifunze ugonjwa mpya, atazitafuta wapi wiki nyingi ambazo masoko yatafungwa?

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, sendika yetu iingie katika mazungumzo haya mapema, kabla karatasi haijaandikwa, na iseme wazi mambo yafuatayo:

1. Masomo yafanyike katika saa za kazi, kwa mshahara kamili, bila kugusa likizo ya mwaka.

2. Nauli, chakula na malazi viwe juu ya mwajiri. Kwa mafundi wanaojitegemea, wasio na mwajiri, uwekwe mfuko, na miradi ya mifugo inayoingia nchini ichangie.

3. Masomo yawafuate watu. Mwalimu mmoja kwenda kwa mafundi 20 ni rahisi kuliko mafundi 20 kuja Bujumbura au Gitega. Na yafanyike zizini na machinjioni, si hotelini tu.

4. Mafunzo yatolewe kwa Kirundi na kwa Kiswahili pia, si kwa Kifaransa pekee. Fundi huongea na mfugaji kwa lugha ya mfugaji. Asiyeweza kuueleza ugonjwa kwa lugha hiyo hajaujua bado.

5. Mwaliko uandikwe jina la fundi anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake, na orodha ya waliohudhuria ibandikwe ukutani ili kila mtu aione.

6. Mfanyakazi ambaye mwajiri hakumruhusu kwenda asinyang'anywe leseni. Adhabu imwendee aliyemzuia. Na wazee waliobakiza miaka michache wapewe njia yao, wala masomo yasigeuzwe kuwa mlango wa kuwatupa nje bila haki zao.

7. Anayesoma apandishwe cheo. Cheti kisichoongeza hata faranga moja kitaonekana kuwa adhabu.

8. Masomo yaende pamoja na vifaa. Kumfundisha mtu hatari ya homa ya Bonde la Ufa na kumrudisha zizini bila glavu wala buti ni kumdhihaki.

Upande wetu nao una wajibu wake. Tukishinda haki hii, tusiichezee. Nimewaona watu wanaotia sahihi asubuhi na kuondoka kabla ya saa nne. Nimesikia habari za vyeti vinavyonunuliwa. Ndugu yangu, ukinunua cheti cha chanjo hujamdanganya mkubwa. Umemdanganya yule mama mwenye mbuzi watatu, ambao ndio ada ya mtoto wake. Mwanachama atakayefanya hivyo asije kwetu kutafuta utetezi.

Tunayo sheria ya tarehe 24 Desemba 2009 juu ya ulinzi wa afya ya wanyama wa kufugwa, wa porini, wa majini na hata nyuki. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haina macho. Macho yake ni fundi anayezunguka milimani, ndiye anayemwona mnyama wa kwanza aliyeugua kabla hajaambukiza wa pili. Hawezi kutoa taarifa ya ugonjwa asioujua jina wala dalili. Mwaka 2015 huko Abidjan mataifa yalikubaliana ya kwamba sotoka ya mbuzi na kondoo imalizwe duniani ifikapo mwaka 2030. Sijui kama tutafika, lakini najua ya kwamba hatutafika ikiwa madaftari ya mafundi wetu yatabaki kama yalivyokuwa.

Nilipoagana na yule mzee, nilimwuliza kama angekwenda kusoma akiitwa leo, ingawa anakaribia kupumzika. Hakujibu mara moja. Alifungua daftari lake nyuma kabisa, akanionyesha kurasa nne ambazo hazijaandikwa kitu.

"Nafasi ipo," alisema. "Waniite tu."

Basi, ndugu wafanyakazi, kazi yetu ni kuhakikisha anaitwa, analipwa nauli, na mshahara wake haukatwi. Tukisimama pamoja, sharti litakuja likiwa limeshikana mkono na haki. Tukilala, litakuja peke yake.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.